Richard Kandt: Daktari aliyeiweka Kigali njia panda

Mfanyabiashara anayeshuka Nyabugogo na mizigo yake, awe ametoka Goma, Kisoro, Ngara au Kirundo, hukuta kwamba barabara zote kubwa za Rwanda zinakutana hapo. Hilo halikutokea kwa bahati. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita mahali hapa palikuwa na vilima, mashamba na njia za miguu, na makao ya mfalme yalikuwa Nyanza, upande wa kusini. Aliyeamua kwamba ofisi ya serikali ikae katikati ya nchi, zinapokutana njia za kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka Ujerumani. Jina lake ni Richard Kandt. Wanyarwanda walimwita Kanayoge.

Kandt ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa utawala wa kiraia wa Kijerumani nchini Rwanda, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Kigali. Alikuwa pia mtumishi wa dola iliyokuja kutawala watu ambao hawakuiita. Maisha yake yana pande hizo mbili, na mji anaopakua bidhaa mchuuzi wa leo umetokana na zote mbili.

Kijana wa Posen

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo ni Poznań, nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kantorowicz. Alipokuwa mtu mzima aliliacha jina hilo akajiita Kandt, jina lenye sauti ya Kijerumani zaidi, katika nchi ambako Myahudi alipata taabu kupanda ngazi za serikali. Mtu ambaye baadaye angepewa kazi ya kutawala nchi ya mpakani alikuwa yeye mwenyewe mtoto wa nchi ya mpakani, iliyobadilisha mikono mara kadhaa.

Alisomea udaktari na kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Bayreuth. Hakukaa huko muda mrefu. Magazeti ya Ulaya ya wakati huo yalijaa habari za wasafiri wa Afrika, na swali moja lilikuwa bado linabishaniwa: mto Nile unaanzia wapi hasa? Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amelitaja ziwa Victoria, lakini ziwa hupokea maji ya mito mingine, na mkubwa kati ya hiyo ni Kagera. Aliyetaka jibu la mwisho alipaswa kuufuata Kagera hadi tone la kwanza.

Kandt aliamua kuwa mtu huyo. Alijifunza Kiswahili na upimaji wa ardhi, akaandaa safari ambayo kwa sehemu kubwa aliigharamia kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1897 alikuwa pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, tayari kwenda bara.

Msafara na mfalme wa bandia

Msafara wa siku hizo ulikuwa kama duka linalotembea. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba, kwa maana ndizo zilizonunua chakula njiani na ndizo zilizotolewa zawadi kwa wakuu wa nchi. Kandt alipita Tabora, akaelekea kaskazini magharibi, na mwaka 1898 aliingia Rwanda.

Nchi aliyoikuta ilikuwa imetoka tu katika msukosuko. Mwaka 1896, katika mapambano ya Rucunshu, mfalme Mibambwe Rutarindwa aliangushwa na kuuawa. Kiti kilikwenda kwa kijana Yuhi Musinga, lakini nguvu halisi zilikuwa mikononi mwa mama yake, Kanjogera, na kaka zake. Watu hao hawakuwa na sababu ya kumwamini mgeni mwenye bunduki. Kandt alipofika ikulu aliletewa mtu mzima aliyeketi kama mfalme, naye akapokea salamu na zawadi. Jina lake lilikuwa Mpamarugamba, na hakuwa Musinga. Musinga halisi alikuwa bado kijana mdogo, naye alifichwa.

Kandt alishtukia mchezo huo. Alijua kwamba mfalme wa Rwanda alikuwa kijana, na mtu aliye mbele yake alikuwa na umri mwingine kabisa. Hata hivyo hakuvunja heshima ya ikulu kwa vurugu. Tukio hilo lilimwonyesha mapema jambo ambalo maofisa wengi wa kikoloni hawakulielewa: kwamba Rwanda ilikuwa na serikali yake, yenye siri zake na akili zake, na kwamba mgeni angeonyeshwa kile tu ambacho ikulu ilitaka akione.

Kutoka hapo aliufuata mto Nyabarongo. Kila mito miwili ilipokutana alilinganisha upi una maji mengi, kisha akafuata huo. Mwezi Agosti 1898 alifika ndani ya msitu wa Nyungwe, penye chemchemi za mto Rukarara. Kwa hesabu yake, hicho ndicho chanzo cha mbali kabisa cha Nile.

Ubishi haukuisha. Burundi ina alama yake ya chanzo cha Nile huko Rutovu, na Uganda hupeleka watalii Jinja, mahali mto unapotoka ziwani. Lakini safari nyingine ya kufuata Nile mwaka 2006 iliishia tena Nyungwe, na kwa Rwanda jina la Rukarara limebaki.

Miaka ya ziwa Kivu

Baada ya kupata alichokitafuta, Kandt hakurudi kwao mara moja. Alijenga makazi karibu na Shangi, kwenye pwani ya kusini mashariki ya ziwa Kivu, akayapa jina la Kijerumani lenye maana ya amani ya mlimani. Kutoka hapo alizunguka ziwa, akachora ghuba na visiwa vyake, akakusanya mimea na wanyama. Kima wa rangi ya dhahabu wanaoishi katika milima ya Virunga, katika nchi tatu za Rwanda, Uganda na Kongo, wana jina lake katika elimu ya wanyama: kandti.

Miaka hiyo Wajerumani na dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, iliyotawala Kongo, walikuwa wakivutana juu ya nani mwenye Kivu. Makazi na ramani za Mjerumani ziwani zilikuwa na faida kwa Berlin, hata kama mwenyewe alijiona kuwa mtafiti. Mwaka 1904 alichapisha kitabu chake kuhusu safari hizo, Caput Nili, kilichosomwa sana Ujerumani na kumpa jina. Serikali ilipotafuta mtu anayeijua Rwanda, anayezungumza Kiswahili na aliyezoea adabu za ikulu ya Nyanza, hakukuwa na wengi wa kuchagua.

Residenti

Mwaka 1907 Kandt aliteuliwa kuwa Residenti wa Rwanda. Residenti hakuwa gavana wa koloni zima. Gavana alikaa Dar es Salaam. Lakini ndani ya Rwanda yeye ndiye aliyekuwa sauti ya juu ya serikali ya Kijerumani. Kabla ya hapo Rwanda na Burundi ziliangaliwa na maofisa wa jeshi kutoka Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura. Sasa Rwanda ilipata utawala wake wa kiraia.

Utaratibu wake ulikuwa kutawala kupitia mfalme. Wazungu wa serikali nchini walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole, wakisaidiwa na askari na makarani waliotumia Kiswahili. Kwa idadi hiyo hawakuweza kuendesha nchi yenye watu wengi na vilima visivyohesabika. Mwami Musinga aliachiwa kiti chake, machifu wake na mahakama zake, ili mradi akubali kuwa juu yake kuna Kaiser. Naye Musinga alipata faida yake: bunduki za Wajerumani zilimsaidia kutiisha maeneo ya pembezoni yaliyokuwa hayamtii sawasawa.

Swali la kwanza la Residenti lilikuwa mahali pa kukaa. Angeweza kujenga Nyanza, kando ya ikulu, lakini huko angekuwa mgeni wa mfalme kila siku. Angeweza kubaki kando ya Kivu alikozoea, lakini Kivu iko pembeni. Alichagua kilima cha Nyarugenge, mkabala na mlima Kigali, karibu na bonde la Nyabarongo. Palikuwa katikati ya nchi, paliona mbali, na palifikika kutoka pande zote. Hapo pakajengwa nyumba ya kwanza ya mtindo wa Kizungu mjini, na mwaka 1907 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa Kigali.

Mji wa wachuuzi

Ofisi peke yake haijengi mji. Waliofanya Kigali ionekane mji ni watu waliokuja na bidhaa. Katika miaka ya mwanzo ya karne, kabla Kandt hajawa Residenti, serikali iliwahi kuwazuia wachuuzi wa nje kuingia Rwanda bila kibali, baada ya malalamiko kwamba baadhi yao waliwaibia na kuwapiga wenyeji. Kigali ilipoanza, biashara ilipata mahali pake pa kukaa chini ya macho ya serikali. Wahindi, Waarabu na Waswahili kutoka pwani, Tabora na Bukoba walifungua maduka. Waliuza nguo, chumvi, shanga na vyombo vya chuma. Walinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi, bidhaa kubwa iliyotoka Rwanda wakati huo.

Njia ya ngozi hizo inaeleweka vizuri na mtu wa biashara za mpakani wa leo. Zilibebwa vichwani hadi Bukoba, zikapakiwa kwenye meli za ziwa Victoria hadi Kisumu, kisha zikapanda reli ya Uganda, ambayo ilikuwa imefika ziwani mwaka 1901, hadi bandari ya Mombasa. Kwa maneno mengine, bidhaa za koloni la Wajerumani zilitoka kupitia koloni la Waingereza kwa sababu njia hiyo ilikuwa rahisi zaidi. Siasa za Berlin hazikuipenda hali hiyo, lakini mzigo hufuata njia nafuu.

Pamoja na bidhaa ilikuja fedha. Rupia, iliyogawanywa katika heller mia moja, ilianza kuingia mahali palipotumika ng'ombe, majembe na shanga. Kiswahili kikawa lugha ya duka na ya kambi ya askari. Uislamu nao ukapata makazi: msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, ulijengwa Kigali mwaka 1913, mwaka ule ule Wakatoliki walipoanzisha misheni yao ya Sainte-Famille mjini. Wenyeji wa mitaa ya Biryogo na Nyamirambo wanaozungumza Kiswahili leo ni sehemu ya historia iliyoanzia katika miaka hiyo.

Kandt alisisitiza pia kilimo cha kahawa. Wamisionari walikuwa wameanza kuipanda, naye aliona kwamba nchi iliyo mbali na bahari lazima iwe na zao lenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, la sivyo gharama ya kulibeba italila faida yote. Hesabu hiyo bado inampa usingizi mbaya kila anayepeleka mzigo Mombasa au Dar es Salaam.

Mstari wa 1910

Wakati Kandt akiwa Residenti, jambo lilitokea Ulaya ambalo limeathiri biashara ya eneo hili kuliko uamuzi wake wowote. Mwezi Mei 1910, mjini Brussels, wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikubaliana juu ya mipaka ya eneo la Kivu na milima ya Virunga. Hakuna Mnyarwanda aliyeketi mezani. Bufumbira, eneo la Kisoro ya leo, lilikwenda Uganda. Kisiwa cha Ijwi na nchi za upande wa Rutshuru zikaenda Kongo. Mwaka 1911 wapimaji walipita na kuweka alama.

Kwa ikulu ya Musinga hilo lilikuwa pigo. Maeneo ambayo mfalme aliyahesabu kuwa yake, yenye watu waliozungumza Kinyarwanda na kumtolea kodi, yalikatwa bila yeye kuulizwa. Serikali ambayo Kandt aliiwakilisha ilikuwa imemwahidi mfalme ulinzi, na serikali hiyo hiyo ikatia saini. Kwa watu wa kawaida, aliyekuwa akipeleka mbuzi au maharage kwa shemeji yake ng'ambo ya kilima akawa anavuka kutoka dola moja kwenda nyingine. Foleni za Cyanika na za mpaka wa Gisenyi na Goma zina asili yake katika meza hiyo ya Brussels.

Gharama ya amani

Kandt alisifika kwa upole ukimlinganisha na maofisa wa jeshi wa wakati wake. Upole huo ulikuwa na mipaka. Kaskazini, watu wengi hawakumtaka mfalme wala Wazungu wake. Mwaka 1910 padri Loupias wa misheni ya Rwaza aliuawa akiwa katika shauri la chifu Rukara. Mwaka 1912 alitokea Ndungutse, aliyedai haki ya kiti cha ufalme, na wengi wakamfuata kwa sababu walichoshwa na mizigo ya kazi za lazima. Kandt hakuwepo nchini. Aliyekaimu nafasi yake, Luteni Gudowius, alishambulia kwa askari wenye bunduki, Ndungutse akauawa na vijiji vikachomwa. Rukara naye alinyongwa mwaka huo.

Mfumo ulioruhusu hayo ulikuwa wa Kandt. Katika safari zake za kwanza alikuwa amesikia malalamiko ya Wahutu dhidi ya ukandamizaji wa machifu na kuyaandika. Alipopata madaraka, kazi yake ikawa kuwaimarisha machifu hao, kwa sababu bila wao Ujerumani isingeweza kutawala. Pamoja na hilo yalikuja mawazo ya Wazungu wa wakati ule, ambayo naye aliyashiriki, ya kuwagawa Wanyarwanda katika mbari za kuzaliwa kutawala na za kuzaliwa kutawaliwa. Wabelgiji waliofuata waliyafanya mawazo hayo kuwa sheria na kuyaandika kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Rwanda iliyalipa kwa damu, hadi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kandt hakuishi kuyaona hayo, lakini msingi uliwekwa katika kizazi chake.

Reli isiyofika

Ndoto kubwa ya miaka yake ya mwisho ilikuwa reli. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Serikali ikaidhinisha tawi kutoka Tabora kuelekea Kagera, ili mizigo ya Rwanda iache kupita Kisumu. Kazi ilianza mwaka huo huo. Kodi ya kichwa nayo ilianza kukusanywa, ili kila mwanamume alazimike kutafuta rupia kwa kuuza kitu au kuuza nguvu zake.

Kandt hakuwepo kuona matokeo. Alikuwa amekwenda Ujerumani likizo, na Agosti 1914 vita ya dunia ikafunga njia. Nafasi yake ilishikwa na Kapteni Max Wintgens, aliyepigana na Wabelgiji kandokando ya Kivu. Mei 1916 Wabelgiji waliingia Kigali. Ujenzi wa tawi la reli ulikuwa umesimama, na hadi leo hakuna treni iliyowahi kufika Rwanda.

Daktari huyo alirudia kazi yake ya kwanza, akihudumu katika jeshi la nchi yake. Aliugua, na tarehe 29 Aprili 1918 alifariki katika hospitali ya kijeshi mjini Nuremberg. Alikuwa na miaka 50. Hakuwahi kuona tena mji aliouanzisha, na miezi michache baadaye dola aliyoitumikia ikashindwa vita na kupoteza makoloni yote.

Kilichobaki Nyarugenge

Wabelgiji waliweka makao makuu ya Ruanda-Urundi huko Usumbura, na Kigali ikabaki mji mdogo wa ofisi chache na maduka. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, mji ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Viongozi wapya walihitaji mji mkuu. Kulikuwa na Nyanza ya wafalme, na kulikuwa na Butare iliyokuwa na shule na wasomi. Walichagua Kigali, kwa sababu zilizokaribiana na zile za Kandt: iko katikati, na njia zote zinafika hapo.

Nyumba inayobeba jina lake bado iko kilimani, upande unaotazama mlima Kigali. Kwa muda ilikuwa makumbusho ya viumbe na mawe, na tangu mwaka 2017 inaitwa Makumbusho ya Nyumba ya Kandt, ikieleza historia ya Rwanda kabla, wakati na baada ya utawala wa Wajerumani. Anayeitembelea huona mambo yote mawili: ramani na ala za mtafiti, na kumbukumbu za watu waliotawaliwa bila kuulizwa.

Mwaka 2007, Kigali ilipotimiza miaka 100, Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Kiswahili, lugha aliyoitumia Kandt na waliyoitumia wachuuzi wa kwanza wa Nyarugenge, kilifanywa lugha rasmi ya nchi. Mwaka 2022 Kongo nayo ikajiunga na Jumuiya. Mstari wa 1910 bado upo ardhini na bado una forodha yake. Tofauti ni kwamba safari hii waliokaa mezani kuzungumzia jinsi ya kuuvuka ni watu wa nchi zenyewe.